Mwanza hadi Bukoba: kilomita 175 angani, 400 na ushee barabarani

Ukiweka rula kwenye ramani kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza mpaka wa Bukoba, unapata takriban kilomita 175, na karibu zote ni maji. Dereva wa basi hana rula hiyo. Yeye lazima alizunguke ziwa kwa kusini, apite Geita, Biharamulo na Muleba, na mpaka aione Bukoba kilomita zimeshavuka 400. Meli nayo, kwa miaka mingi, imekuwa ikiondoka jioni na kufika asubuhi.

Kwa hiyo tiketi ya ndege kwenye njia hii haiuzi kasi. Inauza njia ya mkato.

Piga hesabu uone. ATR 72, zile ndege ambazo wengi wetu tunaziita za pangaboi, hukata karibu kilomita 500 kwa saa. Kilomita 175 zingekwisha kwa dakika 21. Mbona ratiba inaandika kama dakika 45? Kwa sababu saa ya ratiba inaanza kuhesabu ndege ikiwa bado inajivuta kuelekea njia ya kurukia, na haisimami mpaka injini zizimwe upande wa pili. Katikati kuna kupanda, kushuka na kujipanga sawa na uwanja. Rubani hajakaa sawa kule juu, tayari anaanza kuteremka. Ndiyo maana hata ukileta Q400 yenye mwendo wa kilomita 650 kwa saa, utaokoa dakika tano, labda zisifike. Chai hapo ni ya kunywa harakaharaka, kama ipo.

Uzuri wa ATR ni kwamba bawa lake liko juu ya madirisha, halikuzibii kitu. Kaa kushoto, na kukiwa kweupe utaona visiwa vya upande wa Muleba, Bumbire kikiwamo, kabla magurudumu hayajatoka.

Lakini kweupe si kila siku. Ziwa Victoria hupika mvua zake usiku, na upepo wa mashariki huzisukuma kuelekea Kagera, zikafika alfajiri au asubuhi, saa ambazo ndege ya kwanza nayo inakaribia. Uwanja wa Bukoba ni mfupi, na njia yake inaanzia karibu kabisa na maji. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, ndege ya Precision Air iliangukia ziwani ikijaribu kutua. Ilikuwa na watu 43, 19 walikufa. Wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia kufika. Tangu hapo, rubani akizunguka juu ya ziwa kusubiri mawingu yafunguke, au akirudi Mwanza, sioni sababu ya abiria kununa.

Nchi kavu nako hesabu imebadilika. Kwenye barabara hiyo ya Geita, Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko iliyokuwa pale ikafutika. Basi limepata nafuu kubwa, ingawa bado linazunguka.

Atakayepanda ndege aangalie zaidi muda wake wa chini. Uwanja wa Mwanza uko nje ya mji, huko Ilemela, na unatakiwa ufike mapema upimiwe mizigo. Bukoba ni kinyume chake: uwanja uko mjini kabisa, na mwenye begi dogo anaweza kuwapita bodaboda wote pale nje, akatembea kwa miguu mpaka sokoni.