Winchi ni jina la mtaani: Forodha hupangaje ushuru wa mashine za kunyanyulia mizigo?

Wiki iliyopita fundi mmoja wa matrekta kutoka Nangwa alitupigia simu studioni. Yeye na wenzake wanne wamechanga fedha waagize nje mashine ya umeme ya kunyanyulia injini, wapumzike kuinua injini kwa mikono na magogo. Muuzaji amewatumia ankara ya awali iliyoandikwa maneno mawili tu: "winchi, vifaa". Wakala wa forodha akawaambia hawezi kuwatajia ushuru kwa maneno hayo. Fundi akauliza: "Mtangazaji, winchi si ni winchi tu?"

Kwa mtaani, ndiyo. Kwa forodha, hapana. Na tofauti hiyo inaweza kuwa mamia ya maelfu ya shilingi.

Jina moja, vitu vingi

Hapa Manyara neno winchi linabeba mengi. Kule Mirerani ni mashine inayopandisha mchanga na mawe kutoka kwenye shimo la tanzanite. Kwa dereva wa lori ni ile ya mbele ya gari, inayojivuta likikwama kwenye tope. Kwa aliyefika bandarini Dar es Salaam ni lile dude refu linaloshusha makontena. Kwa fundi wetu ni mashine inayoning'inia juu ya gereji ikiwa na mnyororo na ndoano.

Afisa wa forodha haangalii jina hilo. Anatafuta namba. Kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba yake katika mfumo unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao makuu Brussels, Ubelgiji. Mfumo huo ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na leo unatumiwa na zaidi ya nchi na maeneo 200. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile duniani kote. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili, zikawa nane.

Namba ndiyo inayoonyesha kiwango cha ushuru. Nchi za Jumuiya zina kitabu kimoja cha ushuru kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Tangu Julai 2022 viwango vyake vikuu ni vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Mashine nyingi za uzalishaji zimewekwa kwenye sifuri. Bidhaa zilizokamilika za matumizi ya kawaida huenda juu zaidi.

Maswali ambayo afisa hujiuliza

La kwanza: inafanya kazi gani? Mashine ya kunyanyua mzigo kwa mnyororo au waya, winchi yenye ngoma ya kuzungushia waya, pamoja na jeki, zote ziko chini ya namba 8425. Kreni, yaani yenye mkono mrefu au daraja la chuma linalosafiri juu na mzigo, ni 8426. Fokolifti ni 8427. Lifti ya ghorofani ni 8428, na humo pia huingia chombo kinachopandishwa na kushushwa kwa kufuata reli shimoni au kwenye jengo. Pampu ya kuvuta maji kisimani haimo kabisa humu, hata kama nayo "inapandisha". Hiyo ni 8413.

La pili: inaendeshwa na nini? Mashine ya fundi wetu, inayoning'inia na kunyanyua kwa mota ya umeme, ni 8425.11. Ndugu yake anayevutwa kwa mkono, ile mafundi wanayoiita chenibloku, ni 8425.19. Winchi ya ngoma ikiwa ya umeme ni 8425.31. Ikiwa ya mkono au ya injini ya petroli ni 8425.39. Jeki ya mafuta ya gari ni 8425.42.

La tatu: ni mashine nzima au ni vipuri? Hapa wengi hujikwaa. Mashine ikifunguliwa vipande ili iingie kwenye sanduku, lakini vipande vyote vikafika kwa pamoja, bado huhesabiwa kuwa mashine nzima. Ukiagiza kipande peke yake, mambo hubadilika. Ndoano iliyotengenezwa mahususi kwa mashine hiyo huenda kwenye vipuri, 8431.10. Lakini mnyororo mtupu wa chuma ni 7315, waya wa chuma wa kusokotwa ni 7312, na mota ya umeme ni 8501. Hivyo vitatu havihesabiwi kama vipuri vya winchi, hata kama umevinunua kwa ajili ya winchi, na ushuru wake unaweza kuwa tofauti na wa mashine.

Sasa unaona kwa nini "winchi, vifaa" ilimshinda wakala. Neno "vifaa" peke yake linaweza kumaanisha namba nne.

Hesabu yake

Ushuru hutozwa juu ya thamani ya mzigo ukijumlisha bei, bima na nauli ya kuufikisha nchini. Kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, hutozwa juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru wenyewe.

Tuchukue mfano wa mzigo wa shilingi 2,000,000. Ukipangwa kwenye asilimia 0, ushuru hakuna, na kodi ya asilimia 18 ni 360,000. Ukipangwa kwenye asilimia 10, ushuru ni 200,000 na kodi ni 396,000, jumla 596,000. Ukipangwa kwenye asilimia 25, ushuru ni 500,000 na kodi ni 450,000, jumla 950,000. Tozo nyingine za forodha hatujaziweka hapa. Kwa watu watano waliochanga kwa kuuza mahindi na mbuzi, tofauti ya 590,000 kati ya mwanzo na mwisho si ndogo.

Usidanganyike na njia ya mkato

Wapo watakaokushauri: "Andika jina lingine, ushuru upungue." Usikubali. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kutoa tamko la uongo ni kosa lenye kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Wala usiseme "ni wakala aliyeandika". Mwenye mzigo anabeba dhamana ya yale wakala wake anayoyafanya kwa niaba yake.

Sheria hiyohiyo inakulinda pia. Kabla ya kuagiza, unaweza kuiomba Mamlaka ya Mapato Tanzania uamuzi wa awali wa namba ya bidhaa yako. Na mzigo ukishapangwa kwenye namba usiyokubaliana nayo, una siku 30 tangu uamuzi utolewe kuandika barua kwa Kamishna ukiomba upitiwe upya, naye ana siku 30 za kukujibu. Usiporidhika, unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi.

Kabla hujatuma fedha

Mwambie muuzaji aandike kwenye ankara: mashine inafanya nini, inanyanyua tani ngapi, inatumia umeme, mkono au injini, na inatumia mnyororo au waya. Kila kipuri kiwe na mstari wake na bei yake.

Omba picha ya kibao cha mashine na kitabu chake cha maelezo. Hivyo ndivyo vitakavyokutetea afisa akiuliza.

Mpe wakala mwenye leseni karatasi hizo, umuulize namba na kiwango chake, naye akuandikie. Mashine ikiwa imetengenezwa ndani ya Jumuiya, kwa mfano Kenya, dai cheti cha uasili wa bidhaa. Ukiwa nacho hulipi ushuru wa forodha, ingawa kodi ya asilimia 18 inabaki.

Fundi wetu amerudisha ankara kwa muuzaji. Sasa imeandikwa mashine ya kunyanyulia ya umeme, tani moja, ya mnyororo, imekamilika. Mnyororo wa akiba una mstari wake. Kwa karatasi hiyo, wakala ameweza kuwapigia hesabu kabla hawajatoa shilingi hata moja.