Malaria ya kondo la nyuma

Malaria ya kondo la nyuma ni maambukizi yanayotokea pale vimelea vya *Plasmodium falciparum* vinapojikusanya ndani ya kondo la nyuma la mama mjamzito. Huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza katika maeneo yenye malaria nyingi, kwa mfano Kagongwa wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, ambako mpunga hulimwa kwenye majaruba yenye maji.

Mwanamke aliyekulia sehemu kama hiyo huwa amejenga kinga tangu utotoni, na malaria humsumbua kidogo tu. Akishika mimba ya kwanza, kinga hiyo huonekana kama imetoweka. Zamani ilidhaniwa kwamba mwili wa mama hupunguza kinga yake yote ili usilikatae kondo, kwa kuwa nusu ya urithi wa kondo hutoka kwa baba. Kwa hiyo kondo linafanana na kiungo kilichopandikizwa, jambo ambalo Peter Medawar alilieleza mwaka 1953. Ni kweli kwamba seli za kondo huficha alama nyingi za kawaida za utambulisho, na baadhi huonyesha protini ya HLA-G inayotuliza seli za kinga. Lakini kama sababu ingekuwa hiyo pekee, mimba ya nne ingekuwa na hatari sawa na ya kwanza. Sivyo ilivyo.

Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliochunguza makondo ya akina mama wa Kisumu nchini Kenya, walionyesha kwamba seli nyekundu zenye vimelea hivyo hunasa kwenye kondroitini salfeti A, kemikali iliyomo ndani ya kondo. Protini inayozinasisha, VAR2CSA, ilitambuliwa mwaka 2003. Kingamwili za utotoni haziijui. Mama huanza kutengeneza zinazoifaa baada ya kuambukizwa akiwa mjamzito, na ndiyo maana mimba zinazofuata huwa na nafuu.

Hatari yake ni kwamba mama anaweza asipate homa, na kipimo cha damu ya kidoleni kisione kitu, huku akipungukiwa damu na mtoto akizaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Kwa hiyo kliniki hutoa dawa ya SP kuanzia miezi mitatu ya kati ya mimba, kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi, pamoja na chandarua chenye dawa. Mama anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP.

VAR2CSA imeshajaribiwa pia kama msingi wa chanjo, ambayo msichana angepewa kabla ya mimba yake ya kwanza.