Dwight Allen na somo la dakika tano

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanachuo wa ualimu nchini Marekani alisikiliza mihadhara kwa muda mrefu, kisha akapelekwa shuleni kufanya mazoezi mbele ya darasa zima. Makosa yake ya kwanza waliyabeba watoto. Dwight Allen, profesa kijana wa elimu katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, alitafuta mahali ambapo mwalimu angeweza kukosea kwanza.

Mwaka 1963 yeye na wenzake, akiwemo Robert Bush, walianza kutumia somo lililopunguzwa kila upande: dakika tano hadi kumi, wanafunzi wanne au watano, na stadi moja tu ya kufanyia mazoezi. Stadi hiyo ingeweza kuwa namna ya kuanza somo, kuuliza maswali ya kuchokonoa fikra, au hata kunyamaza kidogo baada ya swali, jambo linalowashinda walimu wengi wazoefu. Somo likiisha, mwanachuo alijadiliana na msimamizi, akalipanga upya, akalifundisha tena kwa kundi jingine. Mitambo ya video, mikubwa na ghali wakati huo, ilimwonyesha alivyofundisha. Maneno ya msimamizi hubishika. Picha ya mtu mwenyewe haibishiki kirahisi.

Wapo waliolalamika kuwa ualimu ulikuwa unakatwakatwa vipande, na lalamiko hilo lina uzito: anayejua kuuliza vizuri kwa dakika tano bado hajathibitisha kuwa atalimudu darasa kwa mwaka mzima. Hata hivyo mbinu ilienea haraka, hasa baada ya Allen na Kevin Ryan kuiandikia kitabu mwaka 1969. Vyuo vya ualimu vya Tanzania na Kenya vinaitumia pia, ingawa mara nyingi wanachuo hufundishana wao kwa wao, mmoja akishika chaki na wengine wakijifanya wanafunzi. Stanford waliletwa vijana halisi wa sekondari.

Mwaka 1968 Allen alikwenda Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, kuwa mkuu wa kitivo cha elimu. Huko hakupunguza kitu. Mitaala ya zamani iliwekwa kando, alama za herufi zikaachwa, njia nyingi za kuandaa walimu zikafunguliwa kwa pamoja. Kitivo kilisifika kwa ujasiri na kulaumiwa kwa usimamizi legelege; aliacha wadhifa huo mwaka 1975.

Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Old Dominion, Virginia, alirudia yale madogo. Mtindo aliouita 2+2 unawataka walimu kutembeleana madarasani, na kila mtazamaji kumpa mwenzake sifa mbili na mapendekezo mawili. Hauhitaji kamera wala mkaguzi, kwa hiyo hata shule isiyo na umeme inaweza kuutumia.