Ugali Mkubwa, Mchicha Kiduchu

Iringa, Njombe, Rukwa na Ruvuma ni mikoa ambayo Watanzania wengi huitegemea kwa mahindi. Kila msimu malori hushuka kutoka huko yakiwa yamesheheni magunia. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Njombe na Rukwa ni karibu nusu. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30.

Inakuwaje wanaolisha wenzao wawe na watoto wafupi kuliko umri wao?

Sababu ni nyingi: maji yasiyo salama, kuhara kwa mara kwa mara, akina mama wanaoshinda shambani mbali na watoto wachanga. Lakini mojawapo imekaa wazi mezani, nayo ni sahani yenyewe. Ugali umejaa, na pembeni pana mboga kidogo ya kuusindikizia. Tumbo linashiba, mwenye tumbo anaridhika, na mwili unabaki na njaa ya vitu ambavyo nafaka haina.

Hesabu zinaonyesha hivyo. Gramu 100 za unga wa dona, yaani mahindi yasiyokobolewa, zina takribani kilokalori 360, wanga gramu 77, protini gramu 7 hadi 9 na madini ya chuma miligramu 3 na ushei. Gramu 100 za mchicha mbichi zina kilokalori 23 tu, kwa kuwa zaidi ya tisa ya kumi ya jani hilo ni maji. Mtu anayelima au anayebeba zege hawezi kufika adhuhuri kwa mchicha mtupu.

Ikija zamu ya madini na vitamini, mizani inapinduka. Unga huo una kalsiamu miligramu 6 au 7. Mchicha una zaidi ya 200. Vitamini C kwenye unga ni sifuri. Kwenye mchicha mbichi ni miligramu 40 na zaidi. Mahindi meupe hayana vitamini A ya kutajika, ilhali mchicha umejaa viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini hiyo inayolinda macho na kinga. Foleti, ambayo mjamzito huihitaji tangu wiki za mwanzo, nayo ni nyingi kwenye majani ya kijani.

Kulinganisha gramu kwa gramu kuna mtego wake, kwani hakuna anayekula unga mkavu. Mlo halisi unaeleza zaidi. Mtu mzima mwenye njaa akipikiwa ugali wa gramu 200 za unga, anapata kilokalori 720 hivi. Ili azipate kwenye mchicha pekee, angelazimika kula zaidi ya kilo tatu za majani. Upande wa pili, gramu 200 za mchicha uliokwisha kuchambuliwa zina kalsiamu miligramu 430 hivi. Kuitafuta kwenye unga kungedai zaidi ya kilo sita. Hapo inaonekana kwa nini kuuliza kipi bora kati ya viwili hivi hakumsaidii mpishi. Kila kimoja kimebeba kile ambacho mwenzake hawezi kukibeba, na kinachopaswa kubadilika ni vipimo: mchicha upimwe kama chakula, usipimwe kama kitu cha kuutelezesha ugali.

Historia imeshaonyesha kinachotokea nafaka inapoachwa peke yake. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma daktari Joseph Goldberger majimbo ya kusini, ambako maskini walikuwa wakichubuka ngozi, wakiharisha, wakichanganyikiwa na hata kufa. Wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Goldberger alithibitisha kwamba tatizo ni chakula: watu walikuwa wakiishi kwa mahindi na vitu vichache vya kusindikizia. Ugonjwa huo ni pelagra, na chanzo chake ni upungufu wa niasini, vitamini ambayo ndani ya mahindi imefungika kiasi kwamba mwili hauipati. Wenyeji wa Mexico walikuwa wakiifungua tangu kale kwa kuchemsha mahindi na chokaa, lakini mbegu ilipovuka bahari kuja Ulaya na Afrika, ujuzi huo haukuja nayo. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra baada ya mgao wa karanga kukatika na mahindi kubaki ndiyo tegemeo.

Kisa cha wakimbizi hao kinaitaja karanga, na karanga hazileti niasini tu. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani, viini viwili ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Mchicha hauwezi kuziba pengo hilo peke yake, maana protini yake ni gramu mbili na nusu tu kwa kila gramu 100. Ndiyo maana sahani yenye maharage, karanga, dagaa au yai ina nguvu tofauti kabisa.

Sehemu ya upungufu huu hutengenezwa na watu wenyewe mashineni. Mahindi yakishamiminwa kwenye mashine ya kukoboa, upande mmoja zinatoka punje nyeupe zilizochongwa, upande mwingine zinatoka pumba za rangi ya krimu, laini, zenye mafuta ukizifinya kidoleni. Mafuta hayo ni ya kiini cha punje. Kiini na ganda ndivyo vyenye sehemu kubwa ya madini, nyuzinyuzi na vitamini za kundi B. Punje nyeupe husagwa zikawa sembe. Pumba huwekwa kwenye viroba na kuuzwa kwa wafuga kuku na nguruwe. Sembe isiyoongezwa kitu hubakiwa na chuma miligramu 1 hivi kwa gramu 100, na magnesiamu hushuka kutoka zaidi ya 120 hadi karibu 30. Kuku hupata kilicho bora, watoto hupata weupe.

Dona nayo ina sharti lake. Mahindi yaliyovunwa mabichi au kuhifadhiwa penye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 ilizuka Dodoma na Manyara na kuua pia. Anayetaka dona aanze na punje kavu, zilizochambuliwa, zisizo na doa la ukungu. Anayependa sembe atafute pakiti iliyoongezwa virutubishi, jambo ambalo sheria za Kenya na Tanzania zinawataka wasagaji walifanye. Tatizo ni kwamba mashine ndogo ya mtaani, inayosaga debe la mteja mmoja mmoja, mara nyingi haina kifaa cha kuongeza chochote.

Jikoni nako jani hupotezwa kirahisi. Mchicha ukikatwa kwanza ndipo uoshwe, vitamini C na foleti huondoka na maji. Ukichemshwa muda mrefu na supu yake kumwagwa, zinaondoka zilizobaki. Uoshwe ukiwa mzima, ukatwe, uingie kwenye sufuria yenye kitunguu na mafuta, uepuliwe ungali kijani. Mafuta hayo, au tui la nazi, au karanga za kusaga, ndiyo huusaidia mwili kufyonza vitamini A. Ndimu ikikamuliwa juu ya sahani huongeza ufyonzwaji wa chuma cha kwenye majani na nafaka, wakati chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo huuzuia. Heri isubiri saa moja. Kalsiamu ya mchicha haifyonzwi yote, kwa kuwa oksaleti, kemikali iliyomo kwenye jani lenyewe, huishikilia sehemu yake. Sukuma wiki, yenye kalsiamu inayokaribiana nayo na oksaleti chache, huitoa kwa urahisi zaidi, na ni busara kuzibadilisha mboga hizi badala ya kung'ang'ania moja.

Wanaohitaji mabadiliko haya kuliko wote ni walio na umri kati ya miezi sita na miaka miwili. Tumbo lao ni dogo, na uji mweupe huwajaza haraka. Shirika la Afya Duniani linapima mlo wa umri huo kwa makundi manane ya vyakula, na mtoto anatakiwa apate angalau matano kwa siku. Maziwa ya mama ni la kwanza, uji au ugali laini ni la pili, mchicha uliopondwa ni la tatu. Karanga zilizosagwa ndani ya mchicha huo ni la nne, na dagaa waliotwangwa ni la tano. Vyote vitano vinapatikana kwenye masoko mengi ya kawaida ya Tanzania, na vinaweza kupikwa kwenye sufuria ileile ya familia.