Muhula wa Uhalifu: Hesabu za Profesa Blumstein na Uzushi wa Damu ya Mwivi

Katika barua zilizonifikia mwezi huu, iliyonikaa moyoni zaidi ni ya mama mmoja wa Tanga, aliyeandika kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi iliyochanwa daftarini, akitaka kujua kama wizi ni maradhi yakaayo katika damu. Maana mwanawe alivunja duka la jirani alipokuwa na umri wa miaka 18, akafungwa, akatoka, na leo, ijapokuwa ametimiza miaka 26 bila ya kushikwa tena kwa kosa lolote, hapana fundi wala tajiri akubaliye kumpa kazi. Mganga aliyeendewa aliwauzia chupa ya maji mekundu, ya kuogea alfajiri siku 7, kwa thamani ya mbuzi wawili, ili damu ya mwivi imtoke.

Damu haina wizi. Uzushi huu naukuta kila mahali, sokoni na barazani, na wala hawakuuanzisha waganga wetu: katika karne ya 19 tabibu wa Italia, Cesare Lombroso, alidai kuwa mhalifu huzaliwa mhalifu, na kwamba hutambulikana kwa umbo la taya na masikio, mpaka Charles Goring, tabibu wa magereza ya Uingereza, alipochapisha mwaka 1913 vipimo vya wafungwa zaidi ya 3,000, isionekane sura maalumu ya mhalifu aliyoidai Lombroso. Miaka zaidi ya 100 imepita tangu hapo, na bado wako wanaokula jasho la akina mama kwa uwongo uliokwisha kukanushwa kwa rula na mizani.

Aliyelijibu swali la mama huyu kwa ilimu si tabibu, bali ni mtu wa hesabu. Alfred Blumstein alizaliwa New York mwaka 1930, akasoma fizikia ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell, kisha akapata hapo udaktari wa utafiti wa operesheni, yaani ile fani iliyokua wakati wa Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa Uingereza walipotakiwa wapige hesabu ya namna bora ya kutumia rada na kuvusha misafara ya meli. Mwaka 1966, hali hajui lolote la elimu ya jinai, aliitwa kuongoza kikosi cha sayansi na teknolojia katika tume ya Rais Johnson wa Marekani iliyochunguza uhalifu. Toka hapo hakuiacha kazi hiyo, akahamia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, mwaka 1969, na mwaka 2007 akatunukiwa, pamoja na Terrie Moffitt, Tuzo ya Stockholm ya elimu ya jinai.

Kinachonivutia mimi ni namna alivyolitazama gereza. Chukua birika lililowekwa chini ya mfereji, lenye tundu chini: maji yaliyomo hayategemei nguvu ya mfereji peke yake, bali pia muda ambao kila tone hukaa kabla ya kutoka. Wakiingia gerezani watu 1,000 kila mwaka, na kila mmoja akikaa miaka 3, waliomo watakuwa 3,000. Mahakama zikirefusha kifungo kiwe miaka 6, hatimaye watakuwa 6,000, japokuwa mjini haikuzidi hata jinai moja. Muuguzi wa wodi aijua hesabu hii, kwa kuwa vitanda hujaa kwa njia iyo hiyo. Mwaka 1969, Blumstein na Richard Larson waliuchora mfumo wote, tangu polisi hata mahakama na gereza, mithili ya mto mmoja wenye mkondo urudio nyuma, ambao ni wale wakamatwao tena.

Kutoka hapo likazuka swali lililo zito zaidi: mtu mwenyewe hukaa muda gani katika uhalifu? Jopo aliloliongoza likatoa mwaka 1986 kitabu kilichotenganisha mambo yanayochanganywa kila siku, yaani ni wangapi watendao jinai, kila mmoja hutenda mara ngapi kwa mwaka, na huendelea kwa miaka mingapi. Ikabainika kuwa muhula huo aghalabu ni mfupi, na kumfunga mtu baada ya muhula wake kwisha ni sawa na kummezesha kwinini aliyekwisha kupona. Tena, muuzaji wa dawa za kulevya akifungwa, soko halifungwi naye: mwaka 1995 Blumstein alieleza jinsi vijana walivyoingizwa katika biashara hiyo na kushika bastola, na wenzao wa mtaani wakazishika pia kwa kuogopa, hata mauaji yatendwayo na wenye miaka 18 na chini yake yakazidi maradufu tangu 1985 hadi 1992, ilhali ya wenye miaka 24 na zaidi hayakuongezeka.

Mwaka 2009, yeye na Kiminori Nakamura walichapisha uchunguzi wa watu 88,000 hivi waliokamatwa kwa mara ya kwanza katika jimbo la New York mwaka 1980. Waliuliza: asiyekamatwa tena, hatari yake hushuka lini hata ilingane na ya watu wote wa umri wake? Kwa aliyevunja nyumba akiwa na miaka 18, ni miaka 3.8, kwa aliyempiga na kumjeruhi mtu, miaka 4.3, kwa aliyenyang'anya kwa nguvu, miaka 7.7.

Mama, chupa hiyo imwage, wala kijana asiijaribu ngozini. Mfuateni seremala au mwashi amjuaye, awaandikie barua ya kumdhamini. Na mganga akidai malipo yaliyosalia, msimpe. New York si Tanga, na tarakimu zile haziwezi kuhamishwa zilivyo, illa kushuka kwa uhalifu kadiri umri unavyosogea kumeonekana katika nchi nyingi. Tangu duka lile livunjwe, imepita miaka 8.