Seva ya Barua Pepe (Sehemu ya Tatu): Ruhusa Imekataliwa

Wiki iliyopita tuliishia pale ambapo Postfix, programu ya kusafirisha barua, imekwisha kuwekwa kwenye seva yetu ya Linux, lango namba 25 liko wazi, na barua ya majaribio imetumwa. Huenda barua yako ilifika. Huenda pia skrini ilikujibu kwa maneno mawili ambayo kila fundi wa seva ameyazoea kuliko salamu: Permission denied, yaani ruhusa imekataliwa. Leo ni zamu ya maneno hayo.

Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja niliyewahi kumfundisha alinipigia simu usiku akiwa kazini. Walikuwa wanahamisha seva ya barua kutoka mashine kuukuu kwenda mpya. "Shikamoo mwalimu. Seva imegoma. Nimeifungulia kila kitu lakini bado inakataa." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza amefungua nini. Akanijibu, kwa fahari kidogo, kwamba ameandika chmod 777 kwenye programu iliyokuwa inalalamika, na iliyokuwa inalalamika inaitwa postdrop.

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, kwenye Linux kila faili lina mmiliki, lina kundi lake, na wanaobaki wote huitwa wengine. Kusoma kuna thamani ya 4, kuandika 2, kuendesha 1. Ukizijumlisha unapata 7. Saba tatu mfululizo maana yake ni kwamba mmiliki, kundi na mpita njia yeyote wanaweza kusoma faili hilo, kulibadilisha na kuliendesha. Mpangaji mmoja kapoteza ufunguo wa chumba chake, mwenye nyumba kang'oa milango yote. Na bado, kama alivyoona kijana wangu, yule mpangaji hakuingia chumbani.

Ili kujua kwa nini hakuingia, turudi nyuma kidogo. Tarehe 2 Novemba 1988, programu iliyoandikwa na mwanafunzi Robert Tappan Morris ilianza kujieneza yenyewe kwenye intaneti ya wakati ule, na mojawapo ya njia ilizopenyea ni Sendmail, programu iliyokuwa ikisafirisha barua kwenye kompyuta nyingi za Unix. Sendmail ilikuwa programu moja kubwa yenye madaraka makubwa. Ukiipata hiyo, umepata mengi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1998, Mholanzi Wietse Venema, akiwa katika kituo cha utafiti cha Thomas J. Watson cha IBM, alitoa Postfix iliyojengwa kwa tabia ya kinyume: kazi imegawanywa kwa programu ndogo ndogo zisizoaminiana. Ile iitwayo master ndiyo huanza kwa madaraka ya root, akaunti ya mwenye mashine. Nyingi ya zile zinazopokea barua za watu wasiojulikana huvuliwa madaraka hayo na kufanya kazi kwa akaunti hafifu iitwayo postfix, ambayo haina hata ruhusa ya kuingia kwenye mashine kama mtumiaji.

Hivyo ruhusa inapokataliwa, mara nyingi programu haijaharibika. Inatekeleza tabia iliyozaliwa nayo.

Tazama folda iitwayo maildrop, ndani ya /var/spool/postfix. Humo ndimo barua iliyoandikwa na mtumiaji wa mashine hiyohiyo hudondoshwa kwanza, kabla ya kuingia kwenye foleni. Ukiikagua kwa ls -ld utaona drwx-wx---, mmiliki akiwa postfix na kundi likiwa postdrop. Isome polepole. Mmiliki anaweza yote. Kundi linaweza kuandika na kupita, lakini haliwezi kusoma orodha ya vilivyomo. Wengine hawana lolote. Ni sanduku la kura: unatumbukiza karatasi yako, huchungulii za wenzako. Matoleo ya mwanzo kabisa ya Postfix yaliiacha folda hiyo wazi kwa kila mtu kuandika. Baadaye ulinzi huu ukawekwa, na mimi nasema uliwekwa mahali pake.

Sasa, mtumiaji wa kawaida hayumo kwenye kundi la postdrop, na hatakiwi kuwamo. Anatumbukizaje barua? Kwa kupitia programu ile yenye jina lilelile, postdrop, iliyobandikwa alama ya s kwenye ruhusa za kundi. Alama hiyo humwazima anayeiendesha ukundi wa postdrop kwa muda wa kazi hiyo tu, kisha hunyang'anywa. (Ndugu ya alama hii, inayoazima umiliki badala ya ukundi, ilibuniwa na Dennis Ritchie wa Bell Labs, na hataza yake ikatolewa Marekani mwaka 1979. Ni alama ndogo iliyofanya kazi kubwa.)

Kijana wangu alikuwa amenakili programu kutoka mashine ya zamani kwa cp tupu, bila kuiambia ihifadhi sifa za mafaili. Kundi likabadilika kuwa root, alama ya s ikadondoka njiani. Saba tatu zikampa kila mtu kila kitu isipokuwa kile kimoja kilichohitajika. Zaidi ya hapo, zikaacha programu ya mfumo ambayo mtumiaji yeyote angeweza kufuta yaliyomo ndani yake na kuandika ya kwake mahali pake. Dawa ilikuwa mistari miwili. Amri ya postfix set-permissions hurudisha umiliki na ruhusa kama mtengenezaji alivyokusudia, na postfix check hukagua na kutaja kwa jina kila faili lisilo sawa. Barua zikaanza kutoka kabla hatujakata simu.

Ila tulikuwa hatujamaliza, maana naye alikuwa amehamisha foleni nzima ya barua. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokwama, kwa sababu macho yanasoma majina ilhali mashine inasoma namba. Mfumo haumjui "postfix" wala "juma", unajua namba ya akaunti. Kwenye Red Hat na jamaa zake, postfix kwa kawaida ni 89. Kwenye Debian na Ubuntu namba hupangwa siku programu inapowekwa, kutegemea zipi zimebaki wazi. Ukihamisha mafaili kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine yakiwa na namba zake za zamani, mmiliki wake atakuwa mtu asiyekuwapo, au vibaya zaidi, programu nyingine kabisa iliyopewa namba hiyo. Andika ls -ln badala ya ls -l uone namba zenyewe, kisha linganisha na jibu la id postfix. Na hakikisha akaunti ya postfix na kundi la postdrop havishiriki namba na mwingine yeyote. Mwongozo wa Postfix unalisisitiza hilo, na si kwa mapambo.

Upande wa kusoma barua, seva nyingi hutumia Dovecot ya Mfini Timo Sirainen. Huyu namsifu kwa jambo moja: programu yake inapokataliwa, huandika kwenye kumbukumbu za mfumo ilikuwa inatumia akaunti ipi, ilizuiwa kwenye folda ipi, na imekosa ruhusa gani. Mara nyingi utakuta kinachokosekana ni x kwenye folda ya juu, si kwenye sanduku la barua lenyewe. Mtu hupewa ufunguo wa chumba akasahauliwa ufunguo wa geti. Amri ya namei -l hukuonyesha ruhusa za kila folda njiani, kutoka shina hadi tawi. Dovecot pia hukataa kufungua barua za akaunti yenye namba ndogo, kwa kawaida chini ya 500, ili akaunti za mfumo zisigeuzwe masanduku ya watu. Ndiyo maana miongozo mingi huunda akaunti ya vmail yenye namba 5000.

Ikiwa umiliki ni sahihi, ruhusa ni sahihi, njia yote iko wazi, na bado unakataliwa, mshuku SELinux. Ni mlinzi wa pili, asiyejali namba zile tatu hata kidogo. Yeye hutazama lebo, ambazo utaziona kwa ls -Z. Amri ya restorecon huzirudisha. Wapo wanaomzima mlinzi huyu moja kwa moja na kuendelea na safari. Mimi si mmoja wao.

Wiki ijayo tutaingia kwenye nywila na vyeti vya usimbaji. Kabla ya hapo nakuomba ukae kwenye seva yako, uandike ls -l /usr/sbin/postdrop, na utafute herufi s kwenye ruhusa za kundi. Usipoiona, usiguse chmod. Anza na postfix check.