Ndugu akitoka gerezani, tumpokee namna gani?

Leo tuzungumze juu ya ndugu anayetoka gerezani, ao kama tunavyosema, buloko.

Kwanza, kuna woga. Tarehe 20 mwezi wa 10 mwaka 2020, watu wenye silaha walishambulia gereza la Kangbayi, mjini Beni, na wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoka. Kwa hiyo mtu akirudi, majirani huuliza: aliachiliwa ao alitoroka? Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake halitafutwi kwa fimbo. Anayeachiliwa kwa sheria hupewa barua. Chefu amwite kwa heshima, aisome, kisha awaambie watu waziwazi. Kama hana barua, jambo lake lifikishwe kwa wenye sheria. Asipigwe na kundi.

Pili, si kila aliyefungwa amehukumiwa. Wengi hukaa miezi, hata miaka, wakingoja hukumu. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inasema kwamba mshitakiwa huhesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Tena inasema kosa ni la mtu mwenyewe. Basi mke wake na watoto wake wasitukanwe, wala wasifukuzwe penye maji ao penye kugawa chakula.

Tatu, kuna shamba. Vita vimetuhamisha. Anaporudi, anakuta nyumba imechomwa, shamba linalimwa na mwingine, jamaa iko kambini. Mtu asiye na jembe wala rafiki, wenye silaha porini watamwita haraka. Tukimpa kipande cha kulima, tunalinda kijiji chetu wenyewe.

Nne, tusimsahau aliyekosewa. Kifungo hakirudishi mbuzi, wala hakifuti machozi ya mjane. Asilazimishwe kusamehe mbele ya watu. Wazee wamsikilize kwanza peke yake. Akiogopa, yule aliyerudi akae kwa ndugu wa mbali kwa muda. Na mauaji ao ubakaji hayamalizwi barazani kwa mbuzi. Ni kazi ya mahakama.

Wazee, mama, vijana, viongozi wa kambi, jioni hii mkae pamoja, mjiulize: ndugu yetu akifika kesho, nani atakwenda kumpokea, na nani atakwenda kwa yule aliyeumizwa?